Mchicha Usiougua

Bustani za bondeni, zile zilizo kati ya Jangwani na Mchikichini, zilikuwa na wakulima zaidi ya thelathini, lakini kina mama wa Kariakoo walioshuka alfajiri kununua mboga walianzia kwa Mzee Nurdin. Mchicha wake ulikuwa na majani mapana, mazito, ya kijani kilichokolea, hayana tundu wala doa. Jua la Januari lilipowaka, mchicha wa wenzake ulilala kama kitambaa kilicholowa. Wake ulibaki umesimama.

Nurdin alikuwa Mmwera wa Nachingwea. Aliingia Dar es Salaam kijana, akabeba mizigo sokoni miaka kadhaa mpaka mgongo ukakataa, ndipo akapata kipande bondeni na kukuta kwamba mikono yake ilikuwa imezaliwa kwa kazi hiyo. Alikuwa na jicho. Jani likianza kuwa njano kati ya mishipa, yeye alishaona siku mbili kabla. Alijua mmea wenye kiu na mmea uliozidiwa maji, ingawa yote miwili huinamisha kichwa. Aliamini kwamba mmea ukiumwa lazima utaonyesha, na usipoonyesha basi ni mzima.

Sehemu iliyompa sifa ilikuwa kona ya ukutani. Nyuma ya ukuta ule, kabla Nurdin hajapata kipande chake, palikuwa na karakana ya watu waliovunja betri chakavu za magari na kuyeyusha vyuma vyake. Walihama baada ya mafuriko, karakana ikaporomoka, mvua zikaendelea kushusha udongo wake bondeni. Nurdin alilijua hilo. Alipolima pale alikuwa akiibua vipande vya kijivu, vidogo lakini vizito kuliko umbo lake, akavitupia ukutani na kuendelea.

Miaka ya kwanza kona ile haikutoa kitu. Figiri iligeuka njano, bamia ikadumaa, mchicha wa mbegu za dukani ukaota mwembamba, majani kama ukucha. Wenzake walimwambia aache. Lakini Nurdin aliona kwamba katika tuta zima mashina manne au matano hayakuwa njano. Akayaacha yazeeke, akakusanya mbegu zake kwenye kopo la maziwa, akazipanda palepale. Mara ya pili yakasimama ishirini. Akafanya hivyo msimu baada ya msimu, miaka kumi na nne, akichagua lililonawiri na kung'oa lililougua, mpaka kona iliyokuwa makaburi ya mboga ikawa ya kijani kuliko bonde lote.

Mbegu zile hakuzichoyea. Jirani yake Zakayo, Mmakua wa Masasi waliyetaniana naye kutwa nzima, alipewa kikombe kizima. Na wengine wakapewa. Mteja wake mkubwa, mama wa Kibosho aliyeitwa Mama Brightness, mwenye meza ya mboga pembeni ya soko la Kariakoo, alikuwa akinunua matuta yake hata kabla hayajakomaa.

"Mzee Nurdin," alikuwa akimwambia, "wateja wangu wakikosa huu wako wananinunia."

Nurdin alicheka, lakini neno lile alikwenda nalo mpaka nyumbani.

Mkewe alikuwa amefariki. Aliyebaki ni binti mmoja, Amira, aliyeolewa na Nassibu, muuza viatu vya mtumba pale Mchikichini. Walikuwa na miaka sita ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Ya pili ilifika miezi mitano, watu wameshaanza kumwita Mama Fulani kwa utani, nayo ikatoka. Ya tatu ilipoingia, hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti. Kliniki wakamwambia Amira damu yake ni chache, anywe vidonge, na ale mboga za majani kwa wingi.

Jambo hilo Nurdin aliliweza. Kila siku baada ya kazi alipita kwa binti yake na fungu la mchicha lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Hakuchuma popote tu. Alichuma kona ya ukutani.

"Kula, mama," alimwambia Amira. "Huu unarudisha damu."

Amira alikula kwa utiifu, mchana na jioni, wa nazi na wa karanga. Mwezi wa nne ukapita. Wa tano ukaanza.

Siku moja asubuhi binti mwembamba aliyevaa mabuti ya mvua alishuka bondeni na begi mgongoni. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, akafika kwa Nurdin.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umepotea?"

"Hapana. Naitwa Joyceline, nasoma chuo kikuu. Nachunguza mimea inafanyaje inapoota kwenye udongo wenye sumu za madini."

Nurdin alitegemea atausifu mchicha kama wageni wote. Joyceline aliupita. Akaenda kuchuchumaa mpakani, karibu na ukuta, kwenye kunde chache ambazo Zakayo alizijaribu.

"Hizi zina siku ngapi?"

"Arobaini na kitu," Zakayo alijibu kutoka kwenye matuta yake. "Zina laana."

Joyceline aliomba ruhusa, akang'oa moja. Aliosha mizizi yake kwenye dumu, akaiweka kiganjani. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, imeungua nchani kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Majani yalikuwa na njano, mishipa tu ndiyo iliyobaki na rangi.

"Hapo hapafai kunde," Nurdin alisema. "Hapafai kitu chochote isipokuwa mchicha. Na sio mchicha wa dukani. Wangu."

Ndipo binti akageuka na kuutazama. Akauliza kwa nini. Nurdin, ambaye hakuwahi kuulizwa na mtu msomi, akaweka chini keni la kumwagilia na kumweleza yote: mashina matano ya kwanza, kopo la maziwa, miaka kumi na nne. Joyceline aliandika mpaka kalamu ikamshinda, akawa anarekodi kwa simu. Mwisho akaomba udongo wa pale, majani, na mbegu kidogo. Nurdin alimpa mbegu kwa mikono miwili.

"Nikipata majibu nitakuja mwenyewe," alisema Joyceline.

Zakayo alimsindikiza kwa macho. "Umeanza kutembelewa na wasomi. Kesho utatuambia tukuamkie kwa Kiingereza."

Zilipita wiki saba. Joyceline alirudi asubuhi moja akiwa amechangamka, akamwomba Nurdin waende wote chuoni akaone kwa macho yake. Nurdin alibadili shati, wakaondoka.

Nyuma ya jengo moja palikuwa na kibanda cha nailoni nyeupe, ndani yake makopo yamepangwa safu mbili. Joyceline alimsimamisha mbele ya safu ya kushoto. Ulikuwa mchicha, lakini mchicha wa kusikitisha: vishina vya urefu wa kidole, majani ya njano yaliyojikunja kingo.

"Huu ni wa mbegu za dukani," alisema. "Umepandwa kwenye udongo wako."

Akampeleka safu ya kulia. Nurdin hakuhitaji kuambiwa. Aliutambua mchicha wake kama mtu anavyomtambua mwanawe katikati ya wanafunzi wenye sare.

"Nao uko kwenye udongo uleule," alisema Joyceline. "Maji yaleyale, siku zilezile. Mzee, ulichokifanya wewe kwa jicho tu, sisi tungehitaji maabara na miaka."

"Udongo wangu una nini?"

"Risasi."

"Risasi? Za bunduki?"

"Madini hayohayo. Yalikuwa kwenye zile betri. Yakiingia ardhini hayaozi wala hayaondoki." Alichukua kopo la kushoto. "Sasa mmea ukikutana nayo unajitetea. Huu umeshindwa. Mizizi imeungua, haiwezi kuvuta chakula, ndiyo maana umekuwa njano. Mimea mingine inaifungia mizizini, haipandishi juu. Lakini huu wako unaivuta mpaka kwenye jani, halafu ndani ya jani kuna vyumba vidogo sana, unaifungia humo. Haigusi sehemu zinazofanya kazi. Unaendelea kukua kama vile hakuna kitu."

Nurdin aliinama, akaligusa jani moja.

"Kwa hiyo haukuwa mzima," alisema taratibu. "Umezoea."

"Umezoea, ndiyo! Ni kitu adimu sana, mzee, mmea kama huu unaweza hata kutumika kusafisha—"

"Sumu iko kwenye jani."

"Ndiyo."

"Jani tunalokula."

Joyceline alikuwa bado ana tabasamu. Lilimtoka polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wafike alimtazama mzee badala ya makopo.

"Ni mara kumi na nne ya kiwango kinachoruhusiwa kwenye mboga," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Nilitakiwa kuanza na hilo."

"Mtu akila anafanywa nini?"

"Mtu mzima, taratibu. Tumbo, figo, shinikizo la damu. Hatari zaidi ni kwa watoto wadogo. Na..." Alisita. "Na mtoto aliye tumboni."

Nurdin alitoka kwenye kile kibanda bila kuaga.

Hakwenda bondeni. Alikwenda moja kwa moja kwa Amira. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, ugali mbele yake na bakuli la mchicha wa nazi. Akainama akaliondoa lile bakuli bila salamu.

"Baba! Vipi tena?"

"Usile."

"Si umeniletea mwenyewe jana?"

"Nimesema usile, Amira." Sauti ilimtoka kali, akaisikia, akakaa chini. Akamweleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akachanganya karakana na makopo, lakini yalifika. Amira alisikiliza mkono ukiwa juu ya tumbo.

Alipomaliza, Amira alisukuma sahani ya ugali kando.

"Tangu nikiwa mdogo tunakula huu," Amira alisema.

"Ndiyo."

"Na wale wawili, baba?"

Nurdin alijua kwamba swali hili lingekuja. Alikuwa amelibeba njia nzima kutoka chuoni.

"Sijui, mama. Nimemuuliza Mungu njiani, sijui."

Amira hakulia. Alisimama kwa kujishika ukuta, akaenda nyuma ya nyumba, na Nurdin akasikia anamwaga bakuli, halafu akilisugua kwa mchanga, akilisugua muda mrefu kupita kiasi.

Kesho yake Nurdin alipanda Kariakoo. Meza ya Mama Brightness ilikuwa imezungukwa na wateja. Alimvuta pembeni, kati ya magunia ya vitunguu, akamwambia.

Mama Brightness aliangalia kulia na kushoto kabla hajajibu. "Ongea polepole. Nani mwingine anajua?"

"Binti wa chuo. Mwanangu."

"Basi ishie hapo. Unajua ukisema neno hili hapa itakuwaje? Hawatasema mchicha wa Nurdin. Watasema mchicha. Meza zote hizi, hakuna atakayeuza."

"Watu wanakula, Mama Brightness."

"Mimi nimekula! Brightness wangu amekula tangu ana meno mawili!" Sauti ilimpanda, na wateja wawili wakageuka. Akaishusha. "Niache kwanza, mzee. Naomba uniache."

Asubuhi iliyofuata Mama Brightness hakushuka kwenye matuta ya Nurdin. Alishuka kwa Zakayo, akachukua matuta matatu, akapita bila kumtazama. Mchicha wa Zakayo ulikuwa wa mbegu ileile.

Ndipo Nurdin akaingia kwenye shamba la mwenzake, jambo ambalo mkulima wa bondeni halifanyi bila kukaribishwa.

"Zakayo, zile mbegu naziomba."

"Zipi?"

"Nilizokupa. Zote."

Zakayo alicheka akidhani ni utani wao wa kila siku, kisha akaacha. Nurdin akamweleza. Zakayo aling'oa shina moja, akaliinua mpaka usoni mwa mwenzake.

"Nionyeshe ugonjwa uko wapi. Wewe si ndiye mwenye jicho? Nionyeshe."

Nurdin alilitazama lile jani. Halikuwa na kitu.

"Hauonekani," alisema. "Ndiyo ubaya wake."

"Basi mimi nitakula kinachoonekana. Nina watoto wanne, Nurdin. Wewe umezeeka, umechoka, unataka kutufungia geti wote?" Akageuka, akaendelea kumwagilia.

Nurdin aliwazungukia wakulima wengine. Waliorudisha mbegu walikuwa watano. Wengine walisema zimeisha, na yeye aliona kopo dirishani. Wapo waliosema amehongwa na watu wanaotaka kiwanja cha bonde. Joyceline alikuja na mwalimu wake, wakachukua udongo wa kila kipande. Kuelekea mtoni ulikuwa na nafuu, kuelekea ukutani ulitisha, na wa Zakayo ulikuwa katikati, mara tano ya kiwango. Barua ikapelekwa ofisi ya mtaa. Likaja bango moja la onyo, la bati, likasimamishwa njiani, na ndani ya wiki mbili mtu akaling'oa kuzibia paa lake.

Majibu ya damu ya Amira nayo yalikuja. Joyceline ndiye aliyehangaika mpaka kipimo kikapatikana. Daktari aliwaambia kwamba risasi ipo, imezidi, lakini akiacha kula itapungua taratibu. Alimwandikia madini ya chokaa na chuma, akamwambia anywe maziwa, ale dagaa. Akawaeleza pia kwamba nyingine hujificha kwenye mifupa, na mama akiwa mjamzito mifupa huitoa kumpa mtoto.

"Kwa hiyo hata nikiacha, namlisha," alisema Amira.

"Unamlisha kidogo kuliko jana," alijibu daktari. Hakuwa na zaidi ya hapo.

Mtoto alizaliwa mimba ikiwa ya miezi minane, msichana, kilo mbili na gramu mia tatu. Alilia vizuri. Walimwita Sabaha. Nurdin alimtazama mtoto yule kwa jicho lake lote, vidole, kucha, weupe wa macho, alivyogeuza kichwa aliposikia sauti. Akakuta hakuna anachoweza kusoma. Daktari alisema watampima damu, na mambo mengine yataonekana akianza kutambaa, akianza kusema, akifika shule. Miaka saba ya kusubiri.

Wakati huo Nurdin alikuwa ameshang'oa matuta yake yote isipokuwa kona ya ukutani. Joyceline ndiye aliyemwomba aiache. Alisema mchicha ule ukipandwa, ukavunwa na kwenda kuteketezwa panapostahili, kila mvuno utatoa risasi kidogo ardhini. Itachukua miaka mingi, pengine ishirini. Nurdin alikubali, kwa kuwa ilikuwa afadhali kuliko kukaa bure. Akawa anautia maji, anaupalilia, na ukikomaa anaukata na kuujaza kwenye viroba vya chuo. Akina mama waliopita walimwona akishindilia mboga nzuri kama ile kwenye viroba, wakamwambia amechanganyikiwa. Aliwafukuza kwa maneno mazuri kwanza, baadaye kwa makali.

Asubuhi moja ya Novemba alishuka akakuta tuta la mwisho la ukutani limekatwa. Lilikatwa kwa kisu, vizuri, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lilikuwa tuta la siku ishirini na tano, limejaa.

Nurdin alisimama pale kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tu. Halafu akaanza kupanda kuelekea Kariakoo, mzee wa miaka sitini na mmoja, anakimbia na ndala.

Sokoni mboga zilikuwa zimeshashushwa. Mafungu kwa mamia, yamemwagiwa maji, yanang'aa. Aliingia mstari wa kwanza, akaokota fungu, akalinusa, akalirudisha. Akaokota lingine. Aliyekuwa akijisifu kwamba anaujua mchicha wake hata gizani, sasa kila jani lilikuwa la kijani, kila shina limesimama. Mbegu zake zilikuwa zimetapakaa bonde zima na kwingine asikokujua. Wauzaji wakaanza kumpigia kelele.

"Mzee, unanunua au unapima?"

"Huu umetoka wapi?" aliuliza. "Nani kakuletea?"

"Kwani wewe nani?"

Mkono ulimshika kiwiko. Alikuwa Mama Brightness. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya magunia ya vitunguu.

"Kuna nini?"

"Wamekata kona ya ukutani. Imekuja huku."

Mama Brightness alivuta pumzi, akafunga kanga yake kiunoni. Alipita meza hadi meza, akiuliza kwa ile namna ya watu wa sokoni, nusu utani nusu amri. Meza ya kumi au ya kumi na moja, binti mmoja aitwaye Siti akakiri kwamba alfajiri kijana wa pikipiki alimwuzia shehena nzima kwa bei ya kutupa.

"Umebaki?"

"Hayo mafungu sita. Mengine nimeshauza."

"Kwa nani?"

"Kwa watu, dada. Nitawajua wote?" Akafikiri. "Mengi alichukua Sofia, mama ntilie wa kule Gerezani, nyuma ya gereji."

Mama Brightness alimwachia Siti pesa ya yale sita, akayasukumiza ndani ya mfuko wake, na wote wawili wakaondoka kwa miguu.

Ilikuwa inakaribia saa saba walipofika. Kibanda cha Sofia kilikuwa kimejaa mafundi wenye ovaroli za grisi, wali, maharage, na pembeni ya kila sahani kilima cha mchicha. Sufuria la mboga lilikuwa limebaki robo. Nurdin alisimama mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na wageni, na hapa palikuwa na watu kumi na tano wenye njaa.

"Ndugu zangu," alisema, "samahanini. Mboga hiyo nimeilima mimi. Ina sumu."

Vijiko vilisimama. Sofia alitoka jikoni na mwiko. "Unasemaje wewe mzee? Unaniharibia biashara?"

"Kosa si lako. Imeibiwa kwangu. Ina madini ya betri. Mlo mmoja hauui mtu, nasema kweli, lakini acheni, msiendelee."

"Mimi namjua," alisema Mama Brightness. "Nimeuza mchicha wake miaka tisa. Anasema kweli."

Mafundi walitazama sahani zao. Mmoja akasogeza mboga pembeni kwa kijiko, mwingine akafanya vilevile. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango, aliyekuwa amebakiza kidogo, aliinua jani kwa vidole, akaligeuza kwenye mwanga.

"Lakini mbona mtamu, mzee?" aliuliza, na hakuwa akifanya mzaha. "Mbona mzima?"

"Ndivyo ulivyo," alisema Nurdin.

Kijana akaliweka jani chini. Sofia alikwenda kulishusha sufuria jikoni. Aliuliza sasa alimwage wapi, na Nurdin akamwambia asilimwage popote, alifunge kwenye mfuko, atakwenda nalo.

Wiki ileile aliing'oa kona ya ukutani mpaka mzizi wa mwisho. Joyceline alikuja, akaona, hakubishana naye. Alimwomba mbegu zilizobaki, akapewa, zikaandikwa jina na kufungiwa chuoni. Baadaye chuo kilipata mabati ya kuzungushia ile kona, na ndani yake wakapanda majani yasiyoliwa na mtu. Zakayo aliacha kulima mchicha mwaka uliofuata, si kwa sababu ya maneno ya Nurdin bali baada ya mwanawe wa tatu kupimwa damu na kukutwa na risasi. Siku hiyo alikuja akakaa karibu na Nurdin kwenye ukingo wa mfereji, wakakaa mpaka adhuhuri bila kutaniana.

Kwa sasa Nurdin anauza miche ya maua kando ya barabara, Ilala. Sabaha ana mwaka na miezi miwili. Anatembea kwa kushika ukuta. Neno bado hajasema, na Amira humwambia baba yake kwamba watoto wengine huchelewa tu. Nurdin huitikia kwamba ni kweli, wengine huchelewa. Halafu humweka mjukuu wake magotini na kumwonyesha vitu, kimoja kimoja, akivitaja majina kwa sauti na kumtazama mdomo.